Kampala kwa miguu, kutoka Nakasero hadi Katwe

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuijua Kampala, humwambia apande kwanza kilima cha Nakasero, kisha ateremke kwa miguu hadi mfereji wa Nakivubo. Asichukue boda, wala asiingie kwenye taksi, hizi hiace nyeupe zenye mkanda wa buluu ambazo kwetu Tanzania tunaziita daladala. Mji huu umekaa juu ya vilima na biashara yake imefuata mteremko. Juu kabisa kuna ofisi na hoteli, katikati maduka ya vioo, bondeni masoko. Ukishuka mtaa mmoja bei inashuka nawe, na lugha nayo inageuka. Aliyebebwa na chombo hayaoni haya, kwa sababu chombo kinamtoa mlangoni kwake na kumtupa kwenye foleni ya mlango mwingine.

Mimi ni fundi cherehani. Nimetoka Bukoba, tunavuka mpaka wa Mutukula, na nimekaa Nsambya, mtaa wa hapa Kampala, miaka ya kutosha kwa wauza nyuzi kunijua kwa sura. Kazi yangu ndiyo inayonitembeza. Kitambaa hakinunuliwi kwa picha ya simu. Lazima ukishike, ukikunje kwenye ngumi uone kama kinabaki na makunyanzi, ukivute upande wa mshazari, ukitazame kwenye mwanga wa jua, siyo wa taa ya dukani. Na bitana inayolingana na kitambaa hicho huenda iko mitaa mitatu kutoka hapo, zipu mtaa wa nne, vifungo ghorofani kwenye jengo lisilo na jina. Kwa hiyo nimetembea sana, na haya ndiyo niliyojifunza.

Nakasero juu hakuna cha kununua. Kuna miti mikubwa, kuta, walinzi wenye bunduki na njia nzuri za waenda kwa miguu ambazo karibu hazina watu. Lakini simama kidogo kwenye mnara wa Uhuru. Ulichongwa na Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha sanaa Makerere, kwa ajili ya uhuru wa 1962. Ni mwanamke aliyeviringishwa mikanda mwilini, miguu imefungwa bado, na mikononi anamwinua mtoto juu. Kila ninapopita naitazama mikanda ile jinsi inavyozunguka kiuno na magoti, maana aliyeichonga alijua nguo inavyokaa juu ya mwili. Nimewaonyesha wanafunzi wangu wa ushonaji, na mmoja alibaki pale hadi wenzake wakamwacha.

Kisha shuka hadi Kampala Road. Hapa wengi hutazama madirisha ya maduka, wakaona masanamu yaliyovalishwa suti na bei zisizopungua. Mimi husema: inua uso. Juu ya vioo vile vipya kuna majengo ya zamani, na juu mbele ya majengo hayo yamechongwa majina ya Kihindi na miaka ambayo nyumba zilikamilika. Waliozijenga walikuwa wafanyabiashara, wengi wao kutoka Gujarati. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka, mashine, majora ya vitambaa, vyote vilibaki, vikagawiwa au vikawekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali zao. Katika miaka ya 1990 serikali ya Museveni iliwaruhusu kurudi na kudai majengo, na wengine walirudi kweli. Lakini tembea kutoka kituo cha reli hadi upande wa Bombo Road ukisoma majina yale tu, utapata darasa zima. Jengo lina jina la familia moja, bango la duka lina jina la mtu mwingine, na anayekuhudumia ni binti kutoka Masaka au Mbale.

Jambo hili linanigusa kama fundi. Gomesi, vazi ambalo mwanamke wa Buganda huvaa kwenye harusi na msibani, lenye mabega yaliyochongoka, vifungo viwili kifuani na mshipi mpana kiunoni, lilishonwa mwanzoni mwa karne iliyopita na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes. Leo hakuna mgeni anayelitazama vazi hilo akalidhania kitu kingine isipokuwa la Kiganda. Nimeshona mengi. Mshipi wake ndio unaonyesha kama fundi anajua kazi, na bei ya kitambaa ndiyo inayoonyesha familia imejipanga vipi.

Karibu na soko la Nakasero kuna kichochoro kifupi kinachoitwa Snay bin Amir Lane, karibu na hekalu kubwa la Wahindu. Wapita njia wengi hawakisomi kibao chake. Snay bin Amir alikuwa mfanyabiashara Mwarabu wa njia ya Unguja na Tabora, aliyefika kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, katikati ya karne ya 19. Kabla yake, mwaka 1844, Ahmed bin Ibrahim alikuwa ameshafika kwa Kabaka Suna wa Pili, na pamoja na nguo na bunduki alileta habari za Uislamu. Kwa hiyo mtu wa pwani anapouza au kununua kitambaa katika bonde hili, anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na misafara zamani. Mimi napenda kupita hapo makusudi, hata kama njia fupi ni nyingine.

Soko la Nakasero lenyewe ni la matunda na mboga za kupangwa vizuri, na viungo kwenye maduka ya pembeni. Bei zake ni za watu waliokuja na gari. Lakini ukifika msimu wa senene, panzi wanaoliwa, mara nyingi mwezi wa Novemba, utakuta akina mama wamekaa na mabeseni wakinyofoa mbawa na miguu. Mtu wa Bukoba akiona hivyo anasimama tu. Nilimwamkia mmoja kwa Kiganda, akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia. Akanijazia kikombe mpaka kikamwagika, kisha ndipo akanitajia bei.

Sasa tunaingia William Street, Luwum Street, Ben Kiwanuka Street na Kiyembe, na hapa ndipo kazi yangu inapoanza hasa. Majina mawili kati ya hayo ni ya watu waliouawa wakati wa Amin. Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa Jaji Mkuu, alichukuliwa kutoka Mahakama Kuu mwaka 1972. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa 1977. Leo majina yao yanatajwa siku nzima na makondakta na wabeba mizigo, na nadhani ni vizuri yatajwe hivyo, mahali penye watu wengi kuliko pote mjini.

Mitaa hii imejaa majengo ya ghorofa yaliyogawanywa vibanda vidogo vidogo, kimoja mita mbili kwa mbili, muuzaji amekaa juu ya majora yake. Watu huita akedi. Hapa kuna siri ambayo nimemwambia kila fundi anayekuja kutoka Bukoba au Mwanza. Mjini kwa jumla bei inashuka unapoteremka, lakini ndani ya akedi bei inashuka unapopanda. Kibanda cha chini, cha mlangoni, kodi yake ni kubwa kwa sababu kila mpita njia anakiona. Ghorofa ya tatu na ya nne wanafika wenye nia tu, na wenye vibanda huko wanajua kwamba aliyepanda ngazi hizo hataki kuondoka mikono mitupu. Bitana ileile, rangi ileile, wakati mwingine hata muagizaji ni yuleyule. Uliza bei chini, sema asante, panda. Huko juu kaa. Usisimame mlangoni ukirusha maneno. Ukipewa kigoda, keti, uliza habari za nyumbani, halafu ndipo uulize mita.

Na anza na Kiganda. Hili nalishikilia sana. Sisi Wahaya lugha yetu ina undugu na yao, kwa hiyo ulimi haukunisumbua, lakini hata aliyetoka Tanga anaweza kujifunza "Wasuze otya, nnyabo" (umeamkaje, mama) kabla ya saa sita na "Osiibye otya" (umeshindaje) baadaye. Kwa wazee wengi wa hapa Kiswahili kilikuwa sauti ya askari na vizuizi vya barabarani. Katiba iliporekebishwa 2005 kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Vijana wanakipokea, tena wengine wananiomba niongee nao ili wajifunze. Lakini mama wa miaka sabini anayeuza vifungo Kiyembe hana deni la kusahau haraka. Nikishamwita jjajja, yaani bibi, nikapiga goti kidogo kama walivyozoea wao, Kiswahili kinakuja chenyewe baadaye, mara nyingi kutoka kwake.

Kwenye vitenge hakuna haja ya kuzunguka. Wanaouza wengi ni akina mama wa Kongo, kutoka Bukavu, Goma, Bunia, na Kiswahili chao kinanipumzisha hata pale ninapokifuata kwa taabu. "Mama, kuya uone, hii iko muzuri sana," mmoja ananiambia, huku ameshakunjua yadi sita begani kwangu. Wanajua chapa za Uholanzi na za China kwa kugusa tu, na wakikuamini watakuambia ukweli kuhusu ipi itachuja rangi. Njia ya kuaminika ni kurudi. Nenda kwa yuleyule, nunua kidogo, siku nyingine tena. Mteja anayezungukazunguka kila kibanda akishindanisha bei kwa shilingi mia tano hapati neno la siri.

Chini zaidi ni Kikuubo, na hapa usiende kwa matembezi tu. Ni uchochoro mrefu wa biashara ya jumla, kati ya viegesho vya mabasi na taksi, na humo hupita sukari, sabuni, daftari, mafuta ya kupikia na mchele wa nusu ya nchi. Wabeba mizigo wanakuja na magunia vichwani, hawaoni mbele, hawawezi kusimama. Wao ndio wenye njia, wewe ndiye mgeni. Kaa upande mmoja, tembea kwa mwendo wa wenzako, usisimame katikati kuangalia simu. Mkoba uwe mbele ya tumbo. Simu usiitoe kando ya barabara popote upande huu wa mji, kwa sababu boda akipita kasi mkono wake mmoja unatosha. Na hata mtaa wa njia moja tazama pande zote mbili kabla ya kuvuka. Boda hana habari ya njia moja. Ukipiga picha omba ruhusa. Mfanyabiashara aliyewahi kuona kibanda chake kimebomolewa hajui picha yako inakwenda kwa nani.

Owino ndilo jina wanalotumia watu. Jina la vibao ni soko la St. Balikuddembe, kwa ajili ya Joseph Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi wa Uganda, aliyeuawa 1885. Lipo tangu 1971 kando ya uwanja wa Nakivubo, na kwangu ndicho chuo kikubwa cha ushonaji Afrika Mashariki. Fika asubuhi, belo za mitumba zinapofunguliwa. Wauzaji wadogo wanagombea kuchagua kwanza, na anayechagua kwanza analipa zaidi kwa kila nguo. Mchana bei imeshuka, na ubora nao. Njia za ndani ni nyembamba, juu pamefunikwa mabati na maturubai, na watu watakushika mkono. "Nnyabo, jangu! Mukwano, jangu olabe!" Yaani mama, njoo, rafiki, njoo uone. Usikasirike, usivute mkono kwa nguvu. Tabasamu, sema "Webale, nja kudda," yaani asante, nitarudi, endelea.

Ninachokwenda kutazama Owino ni mafundi waliokaa katikati ya mitumba. Mteja ananunua koti la Ulaya lililompwaya, anageuka hatua mbili, fundi anamshikia pini, analifumua begani, analipunguza, analirudishia bitana, na kabla mteja hajamaliza chai yake koti limekuwa lake. Ukitaka kujua jinsi mashati ya Italia au Ujerumani yanavyoungwa kwenye kola, simama nyuma ya fundi huyo anapolifumua. Nimejifunza mishono humo ambayo hakuna aliyenifundisha darasani.

Najua ubishi uliopo. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru, nchi nyingi zikalegea, Rwanda ikashikilia msimamo na 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo. Mwaka 2023 Rais Museveni alitangaza tena kwamba ataipiga marufuku mitumba. Kama fundi ninayeshona nguo mpya ningetakiwa kushangilia. Siwezi. Nimewaona mafundi wale, nimeona mama aliyevalisha watoto wanne kwa pesa ambayo kwangu isingetosha gauni moja. Anayeamua jambo hili akiwa Nakasero juu, ningemwomba ashuke kwa miguu kwanza, asubuhi ya belo, akae siku nzima.

Mvua ikianza, ondoka bondeni. Maji ya vilima vyote hukusanyika kwenye mfereji wa Nakivubo kwenda ziwani, na ukifurika, barabara za karibu hugeuka mto kwa muda mfupi sana. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mimi huanza safari mapema na saa nane mchana niwe nimeshapanda upande wa pili.

Upande wa pili ni Old Kampala. Wakati wa kupanda unapita Kisekka, soko la vipuri, ambako mimi sina shughuli isipokuwa kuwapisha wanaobeba injini. Juu ya kilima hicho Lugard, afisa Mwingereza, alijenga ngome yake Desemba 1890, na leo kuna Msikiti wa Taifa. Amin alitoa ardhi na ujenzi ukaanza miaka ya 1970, ukasimama muda mrefu, ukakamilishwa kwa fedha za Libya, na Gaddafi akaufungua 2008. Mgeni anaruhusiwa, mwanamke asiye na vazi la kujifunika anaazimwa shuka na ushungi getini. Lipa kiingilio upande mnara. Ngazi ni nyingi na zinazunguka, lakini ukifika juu utaona njia yote uliyoshuka: Nakasero mbele, bonde katikati, na vilima vya ibada vimezunguka, Namirembe wa Waanglikana, Rubaga wa Wakatoliki, Kibuli wa Waislamu. Huko juu ndiko nilikoelewa kwamba dini zilichukua vilele na biashara ikaachiwa mabonde. Nikawa nauelewa hata ugumu wa kurudi nyumbani na mzigo.

Chini ya kilima hicho kwa kusini ni Kisenyi, penye mashine za kusaga mahindi, unga umetanda juu ya mabati, na maduka ya Wasomali ambako Kiswahili kinatiririka bila kusita. Kula hapo. Sambusa zao ni za moto saa zote, na chai ina iliki ya kutosha.

Kutoka hapo hadi Katwe ni mwendo mfupi, na ndipo ninapomalizia siku kama cherehani ina tatizo. Katwe wanachomelea: majiko, masanduku ya shule, mageti, mashine za kukamulia. Kelele za nyundo zinakutangulia kabla hujaona karakana. Safari moja kichuma kinachounganisha pedali na gurudumu la cherehani yangu kilikatika, na maduka ya juu yote yakaniambia ninunue mashine mpya. Nilikifunga kwenye kanga nikateremka nacho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekuonyesha kwangu?"

Kiswahili alikipata Kisumu, alikokimbilia zamani wakati wa vita. Alikipima kichuma kwa uzi, akachagua nondo, akaipasha moto, akaipiga mpaka ikalingana. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimtazama. Bei aliyonitajia sikuomba apunguze. Skrubu yake ndogo tu hakuwa nayo. "Hiyo utaipata Kisekka," akasema, akanielekeza: ingia kwa upande wa Kyaggwe Road, tafuta mlango wa kijani, mbele yake kuna mama anapika katogo, ukimwona huyo mama muulize yeye, maana mwenye skrubu huwa anakula pale na dukani kwake hakai.